Kusafisha kasiba ya gobore maana yake nini, na kwa nini ni maji na sio mafuta

Watu wengi wakisikia kusafisha bunduki akili inaenda moja kwa moja kwenye kopo la mafuta na kitambaa, na kwa bunduki za kisasa sawa, lakini kwenye gobore hapo ndo linapoharibika. Gobore linashindiliwa kwa mdomoni: unamimina baruti kwanza, kinafuata kitambaa au karatasi, halafu gololi au marisau, vyote vinasukumwa mpaka chini kwa mdeki, ule ufito mrefu unaochomekwa chini ya mtutu. Ndani ya mtutu, yaani kwenye kasiba, ni laini kama bomba la maji, hakuna ile mifereji ya kuizungusha risasi. Sasa kusafisha kasiba ya namna hii sio kung'arisha chuma, ni kuosha chumvi. Ndio, chumvi.

Baruti nyeusi, ndiyo inayotumika kwenye gobore, ni shura (aina ya chumvi ya potasiamu) kama asilimia 75, mkaa 15, salfa 10. Ikiwaka, chini ya nusu yake ndo inageuka gesi ya kusukuma risasi, sehemu kubwa inabaki kuwa vumbi gumu, lingine linatoka kama ule moshi mweupe mzito na lingine linaganda ndani ya kasiba. Hilo vumbi sio masizi matupu kama ya sufuria, lina chumvi za potasiamu nyingi, mojawapo ni ileile inayotoka kwenye maji ya majivu. Na chumvi hizi zinavuta unyevu wa hewani, we angalia tu chumvi ya jikoni masika inavyolowa kwenye kopo. Chuma kikishikana na kitu cha chumvi kilicholowa ni kutu, na kwa mtu wa pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi tayari, ukiliacha mpaka kesho utakuta limeshaanza.

Mafuta hayayeyushi chumvi. Ukipaka mafuta juu ya masizi umeyafunika tu, kutu inaendelea chini kwa chini, na mafuta ya mashine yakichanganyika na mabaki ya baruti yanaweza kuwa kitu kizito kinachonata kama lami. Maji ndo yanayeyusha. Najua inatisha kumwaga maji kwenye chuma lakini wanajeshi wa enzi hizo ndivyo walivyofanya na silaha zao zikadumu.

Kabla ya yote, hakikisha halina kitu ndani, na hapa naomba usipite haraka. Gobore huwezi kulifungua kwa nyuma ukachungulia. Ingiza mdeki mpaka ugote, weka alama pale mdomoni, uutoe, uulaze nje sambamba na mtutu, ile alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha ya mdeki isipofika kule mwisho karibu na tundu la moto, kile kitundu cha nyuma ambamo moto unapita kuwasha baruti, basi kuna kitu kimekaa ndani, kaa mbali na mdomo wake na mpe fundi mwenye leseni. Januari 2013 pale Central Park, New York, wafanyakazi walikuwa wanasafisha kutu kwenye mzinga wa karne ya 18, nao unashindiliwa kwa mdomoni na kasiba yake ni laini vilevile, wakakuta mna tufe na baruti zaidi ya gramu 800, watu walishapita karibu yake miaka na miaka.

Likiwa tupu, kama ni la fataki (kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa) unatoa fataki, kama ni la gumegume (linalowashwa kwa cheche za jiwe) unatoa lile jiwe. Ziba tundu la moto kwa kijiti, mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, acha dakika chache, mwaga. Yatatoka meusi na harufu ya yai viza, usishtuke, ni ile salfa. Rudia, halafu funga kitambaa cha pamba kwenye mdeki upige juu chini mpaka kitambaa kitoke cheupe. Nailoni hapana. Kitambaa kikibaki ndani kuna chuma kimesokotwa kama kizibuo cha chupa, kinafungwa kwenye ncha ya mdeki kukivuta. Tundu la moto nalo lizibue kwa sindano ya waya laini maana masizi yakijaa hapo bunduki haiwaki.

Halafu kausha, na kausha kwelikweli. Maji ya moto sana yanakauka upesi lakini yanaweza kuacha ukungu wa kutu ya rangi ya chungwa hapohapo, ndo maana mi nasema vuguvugu. Likishakauka ndo mafuta yanaingia sasa, kidogo tu, kazi yake kulinda.

Kwa kasiba laini kazi hii ni nyepesi kuliko yenye mifereji, kwa sababu masizi hayana pa kujificha. Hata ile Brown Bess, gobore la wanajeshi wa Uingereza wa zamani, kasiba yake ilikuwa kama milimita 19 na gololi yake kama 17 na nusu, waliacha nafasi makusudi ili askari aendelee kushindilia hata kasiba ikiwa chafu. Na huku kwetu magobore yana historia ndefu, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uuzaji wa bunduki za kisasa sehemu kubwa ya Afrika, zikaachiwa za gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida. Leo Tanzania gobore ni silaha kama silaha nyingine, bila leseni ni kosa.

Siku ya kwanza baada ya kupaka mafuta liweke mdomo chini, mafuta yasishuke kwenye tundu la moto. Kesho yake pitisha kitambaa kikavu, kikitoka na wekundu rudia kuosha tangu mwanzo.