Bima ya ziada kwenye gari la kukodi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Gari lina bima kubwa, sidaiwi kitu."
Dhana hii ndiyo inayoumiza wengi. Bima kubwa, ile inayolipia hata gari lenyewe, kwa kawaida huacha sehemu ya hasara isilipwe, na mkataba wa kukodi humtwisha aliyekodi sehemu hiyo. Tuseme mkataba unasema shilingi milioni 2 za mwanzo ni zako. Ukigonga nguzo na matengenezo yakafika milioni 5, bima italipa 3. Ile nyongeza unayouziwa, tuseme 30,000 kwa siku, mara nyingi kazi yake ni kupunguza au kufuta hizo milioni 2 tu. Kwa hiyo jiulize: ukitakiwa kuzitoa kesho asubuhi, utazipata bila kukopa? Kama unazo na unazunguka mjini siku moja, sioni haja ya kuilipia. Kama huna, au unaelekea Serengeti siku tano, ilipie.

"Nikilipia ziada, nimemaliza."
Soma vipengele vya mwisho vya mkataba. Matairi, rimu, kioo cha mbele na uvungu wa gari mara nyingi havimo, na kwenye barabara ya changarawe ndivyo vinavyoumia kwanza: lori linakupita, kokoto linaruka, kioo kinapasuka, bili ni yako. Kuna ziada ya matairi na vioo inayouzwa peke yake. Kwa safari ya mbugani, iulizie hiyo kabla ya nyingine zote. Ukiendesha umelewa, au ukimpa usukani rafiki ambaye hakuandikwa kwenye mkataba, kinga yote inaweza kufutika.

"Mwenye gari kasema lina bima, yatosha."
Inaweza kuwa bima ndogo, inayowalipa wale uliowagonga lakini si gari lenyewe. Kwa Tanzania, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uone. Itazame na rangi ya namba: njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Gari la namba ya njano likikodishwa kienyeji, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu lilikatiwa bima ya matumizi binafsi. Hapo nyongeza aliyokuuzia mwenye gari ni maneno matupu. Tafuta gari jingine.

"Bima ya hapa inanifikisha hadi Mombasa."
Haivuki mpaka yenyewe. Inahitajika Kadi ya Njano, yaani bima ya kuvukia mpaka ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania bado inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, pamoja na ruhusa ya maandishi ya mwenye gari.