Kikomo cha umri na uzito: kwa nini unaulizwa kilo zako kabla ya kuingia majini

Disemba nilikuwa pale Casuarina, Malindi, kaskazi imeshaanza na maji yametulia, nikamkuta mama mmoja wa kutoka Nairobi amesimama mchangani na fomu mkononi. Mtoto wake alikuwa na miaka 9 na nusu na alitaka kuzamia na mtungi wa hewa, wamemkatalia. Mama anasema jamani huyu ni mrefu kuliko wenzake wa miaka 11, anaogelea kama samaki, hiyo miezi 6 itabadilisha nini? Kijana wa chombo akamjibu, "mama, sheria ni sheria." Jibu baya hilo, manake mama aliondoka akiamini amebaguliwa tu, na kesho yake angeweza kumpata mwengine ufuoni wa kumwambia "twende tu, hakuna shida". Basi niieleze hii kitu vile ninavyoielewa.

Kikomo ni mpaka, na kwa hii michezo ya likizo mara nyingi kuna wa chini na wa juu. Watu huwa wanafikiria ule wa juu peke yake, yaani mnene akatazwe, mzee akatazwe, lakini mara nyingi ule wa chini ndio unaookoa mtu. Na ile namba imetoka kwa kitu fulani: kamba, boya, tiara, mgongo wa mnyama, sikio la mtoto. Ukijua imetoka wapi utajua kama inaweza kusogezwa au la.

Tuanze na kuzamia. Shirika la PADI, ambalo vituo vingi vya huku Malindi na Watamu hufuata utaratibu wake, linaanza kutoa cheti cha kuzamia kwa miaka 10. Wa miaka 10 na 11 hawaendi zaidi ya mita 12, na lazima awe na mzazi au mlezi mwenye cheti, au mwalimu. Kwa nini? Ukishuka mita 10 tu shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu, na hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio inabanwa, ndio maana mzamiaji anaziba pua na kusukuma pumzi kila anaposhuka kidogo. Kile kijia kinachotoka kooni kwenda sikioni kwa mtoto ni chembamba na kimelala, kinaziba upesi, mafua kidogo tu basi. Alafu kuna kupanda. Aliyevuta hewa ya mtungi kule chini akishtuka, akabana pumzi na kukimbilia juu, ile hewa inatanuka ndani ya mapafu na inaweza kuyapasua. Mtu mzima ukimwambia usibane pumzi anakumbuka hata akiogopa. Mtoto akiingiwa na maji kwenye maski anafanya nini? Anakimbia juu kwa mama. Kwa hivyo umri pale unapima masikio, unapima mapafu, na zaidi unapima kama huyu mtu akiogopa bado atafuata alichoambiwa, na urefu hauonyeshi hilo hata kidogo.

Ni kweli usiku wa kuamkia miaka 10 hakuna kinachobadilika mwilini. Lakini mwalimu hawezi kuanza kubishana ufuoni na kila mzazi mtoto wake amekomaa kiasi gani, lazima mstari upite mahali. Na hata aliyefika miaka 10 mwalimu anaweza kumkatalia akiona bado. Kwa wakubwa hakuna umri wa mwisho, ila fomu ya afya inamuuliza aliyepita miaka 45 maswali zaidi, mambo ya sigara na mafuta ya damu, na wewe ujibu ukweli tafadhali, moyo ukisimama mita 15 chini hakuna wa kukufikisha hospitali kwa wakati.

Uzito sasa. Hapa ndio watu wanaona haya na kudanganya, mtu ana kilo 96 anaandika 80. Chukua tiara ya kite, ile inayomvuta mtu juu ya maji amesimama kwenye ubao. Mtu wa kilo 75 kwenye upepo wa noti 16 hivi (noti ni kipimo cha kasi ya upepo) anachukua ya mita za mraba 12 takriban, mtoto wa kilo 40 ukimpa hiyo hiyo, kusi ikipiga kidogo ananyanyuliwa na kutupwa mchangani. Zile pikipiki za magurudumu manne za kwenye vilima vya mchanga Mambrui pia ni hivyo hivyo, zile kubwa kiwanda kimebandika kabisa kwamba chini ya miaka 16 asiendeshe, manake kwenye kona inasawazishwa kwa mwili wa dereva na mwepesi hawezi kuivuta, inamlalia. Na ukiwahi kwenda kuteleza kwenye waya, mzito sana anafika kwa kasi breki zinashindwa, mwepesi sana anakwama katikati ananing'inia. Mipaka yote miwili, umeona?

Lamu mzigo anabeba punda, na hili linaniuma kwa sababu punda hajazi fomu. Ugiriki mwaka 2018 waliweka kwamba punda asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake mwenyewe. Piga hesabu: punda wa kilo 160, moja ya tano ni 32. Hiyo ni mtoto wa shule! Tazama hata mbio za punda wakati wa Maulidi, wanaopanda ni vijana wembamba. Sisi wenyewe tunawapandisha mchanga na mawe ya ujenzi najua, na kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iko pale Lamu tangu 1987 inatibu migongo. Lakini mgeni wa kilo 90 anayetaka picha ya kwenda Shela juu ya punda, mwenye punda akimwambia "bwana, wewe panda mashua", asichukie, mtu huyo anajua kazi yake.

Mwisho boya la kuvaa, laifu jaketi, hili nawaomba wazazi mlisikilize. Ndani yake kuna kibandiko kimeandikwa kilo, mfano 20 mpaka 30, na namba kama 100N, kila N 10 ni kama kilo 1 ya kukunyanyua. Mtoto wa dada yangu alivishwa la mtu mzima tukivuka kutoka Mokowe kwenda Lamu, nahodha akasema kubwa ndio salama zaidi. Nikamshika mabegani pa jaketi nikalivuta juu: likapanda likafunika masikio, kidevu kikazama ndani, mikono ikasimama kama anaomba dua. Majini ndivyo lingefanya, jaketi linaelea na mtoto anateleza chini. Tukangoja mashua ya pili yenye la saizi yake, lile lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, nusu saa juani na watu wananung'unika. Fanya hivyo hivyo na wa kwako kabla hamjang'oa nanga, vuta mabegani, likifika masikioni vua, tafuta jengine.

Yule mama wa Casuarina nilimfuata nikamwambia kuna mafunzo ya mtungi ya kuanzia miaka 8, kwenye maji yasiyozidi mita 2, na kwa siku ile maski na kipumulio vinatosha kwa huyo kijana. Wakaenda na mashua ya kioo mpaka kwenye matumbawe, kijana akashuka kuelea juu juu na mlinzi wa maji pembeni yake, na aliporudi alikuwa anataja samaki pono, anaonyesha kwa mikono ukubwa wake, maji bado yanamtoka puani.