Menopozi inaanza ukiwa bado unanunua pedi

Kwa lugha ya hospitali, menopozi ni pale umemaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako na hakuna sababu ingine, si mimba, si kunyonyesha, si dawa ya kupanga uzazi. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini ukishika hiyo maana peke yake utapotea, juu yale mambo yenyewe yanayosumbua huanza miaka kadhaa kabla, damu ikiwa bado inakuja, na ndio unapata mama wa 46 anazungushwa makliniki akipimwa malaria na taifodi, mwishowe anaambiwa ni stresi tu, aende apumzike.

Hicho kipindi cha kabla kinaitwa perimenopozi. Ovari zimebakisha mayai machache, sasa estrojeni, homoni ya kike, inapanda na kushuka ovyo, mwezi huu damu inakuja baada ya wiki tatu, mwezi ujao haionekani, halafu inarudi nzito mpaka unaogopa kukaa kwa kiti cha watu. Na kwa vile hiyo homoni inafanya kazi kwa ubongo, mifupa, ngozi, hadi kibofu, dalili zinakuja kama vitu havihusiani kabisa: kusahau, hasira za bure, magoti kuuma, moyo kudunda.

Ile inajulikana zaidi ni joto la ghafla. Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa inashtuka haraka, ikihisi joto kidogo tu inafungua mishipa ya ngozi na jasho linatoka. Ni Julai, baridi ya Nairobi unaijua, kila mtu kwa matatu amejifunga jaketi hadi shingoni, na kuna mama mmoja anavuta dirisha huku anajipepea na bahasha, wa nyuma wanalalamika "mathe si ufunge hiyo dirisha", dakika chache baadaye blauzi imeloa mgongoni na sasa ni yeye anatetemeka. Usiku ni hivyo hivyo, anaamka saa nane kubadilisha shuka. Mtu amelala hivyo miezi sita lazima atagombana na watu ofisini.

Yenye haisemwi ni ukavu ukeni. Tendo la ndoa linauma, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zinarudi kila mara, mzee anadhani amechokwa au kuna mtu mwingine. Joto mara nyingi hupungua na miaka, ukavu hauishi wenyewe, na inaudhi kwa sababu uko na tiba: jeli ya kulainisha uke iko kemisti, na daktari anaweza kukuandikia krimu ya estrojeni ya kupaka huko.

Kuhusu kutibiwa na homoni zenyewe, uoga mwingi ulitoka kwa utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa 2002 uliosema zinaongeza hatari ya kansa ya matiti na magonjwa ya moyo, lakini wale wanawake walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa mtu mwenye afya aliye chini ya 60, au hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kawaida inazidi hatari. Ukiwa bado na kizazi lazima upewe homoni ingine, projesteroni, pia, estrojeni peke yake inaweza kuleta kansa huko ndani. Ushawahi kuwa na kansa ya matiti au damu kuganda kwa mishipa? Sema mapema, kuna dawa zingine zisizo za homoni. Zile poda za kusawazisha homoni zinazouzwa WhatsApp mimi siwezi gusa.

Msaada mwingine ni watu. Kwa chama huwezi kosa mama amepitia hii, uliza hata kama ni wakati wa kuosha vikombe. Bwana aambiwe waziwazi, asiachiwe kubahatisha. Na ukienda kliniki enda na tarehe za damu umeandika kwa simu, hapo ni ngumu kurudishwa na Panadol.

Mimba bado inaweza kuingia wakati hedhi inaruka ruka, so usiache kupanga uzazi mapema. Hedhi ikikoma kabla ya 40, tafuta daktari, usingoje. Na damu ikirudi baada ya ile miezi 12 kuisha, hata kama ni tone tu kwa chupi, enda uangaliwe wiki hiyo hiyo.