"Jadili" si lazima lifikirishe: dhana potofu kuhusu maswali ya darasani

Dhana: Ngazi ya swali iko kwenye kitenzi chake

Orodha za vitenzi (taja, fafanua, changanua, tathmini) hunakiliwa kwenye maandalio ya somo, na ndizo zinazopotosha walimu zaidi. Ngazi ya swali, yaani aina ya fikra linayodai (kukumbuka, kuchambua, kutathmini, kuunda), huamuliwa na kile ambacho mwanafunzi amekwisha kupewa. "Jadili sababu za Vita vya Majimaji" linaonekana la uchambuzi. Lakini kama kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa na ukatili wa maakida (watumishi wa utawala wa Kijerumani) vilikuwa ubaoni tangu Jumanne, mwanafunzi anakumbuka tu, hata akijaza kurasa mbili.

Linganisha na hili: "Wahehe walipigana na Wajerumani tangu 1891 hadi kiongozi wao Mkwawa alipofariki 1898. Majimaji ilipozuka 1905, hawakujiunga na waasi. Toa maelezo mawili yanayowezekana, kisha onyesha lipi lina uzito zaidi na kwa ushahidi gani." Hapa hakuna sentensi ya kunakili, inabidi apime.

Namna ya kukagua swali lako ni hii: fungua notisi ulizowapa. Ukiweza kuweka kidole kwenye sentensi inayolijibu, hilo ni la kukumbuka, kitenzi kiwe chochote. Hata swali la Wahehe likishajibiwa darasani na kuandikwa daftarini, kwenye mtihani wa mwezi litakuwa limeshuka hadi kukumbuka. Lete ramani, dondoo au jamii nyingine ambayo hamkuizungumzia.

Dhana: Swali la ngazi ya juu ndilo gumu

"Mkwawa alifariki tarehe ngapi?" ni la kukumbuka, na wengi watalikosa (ni 19 Julai 1898). "Ungekuwa mkulima wa Umatumbi mwaka 1905, kodi na pamba, kipi kingekuudhi zaidi na kwa nini?" ni la tathmini, na hata mwanafunzi wa wastani ana pa kuanzia. Ugumu ni kitu kimoja, ngazi ni kingine. Anayevichanganya hujaza safu ya tathmini kwenye jedwali la utahini (mpango wa maswali ya mtihani kwa mada na ngazi) kwa tarehe zisizokumbukika.

Dhana: Lazima upande ngazi moja baada ya nyingine

Piramidi ya ngazi inayobandikwa ukutani haimo katika kitabu cha Benjamin Bloom na wenzake cha 1956, kilichozipanga ngazi hizi. Toleo lake lililorekebishwa na Anderson na Krathwohl mwaka 2001 lilihamisha hata ngazi za juu: kuunda kukawekwa juu ya tathmini. Unaweza kufungua kipindi kwa swali la Wahehe, wanafunzi wagundue wenyewe kwamba wanahitaji tarehe, ndipo uzilete. Hii haina maana kwamba maswali ya kukumbuka yatupwe. Asiyejua pamba ililimwaje atatoa maoni matupu.

Dhana: Maswali ya kuchagua hupima kukumbuka tu

Shina la swali (sehemu inayotangulia majibu ya kuchagua) likibeba habari mpya, na majibu yote manne yakawa ya kuaminika, litapima uchambuzi vizuri. Lisichoweza kupima ni kuunda, kwa sababu jibu limekwisha andikwa.

Dhana: Darasa likinyamaza, swali limeshindwa

Mara nyingi aliyeshindwa ni mwalimu, kwa haraka yake. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani, alikuta walimu wakisubiri takriban sekunde 1. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na "sijui" zikapungua. Uliza kwanza, subiri, ndipo utaje jina. Ukianza na jina, wengine wote hupumzika. Kwa swali zito, wape dakika nzima waandike. Kimya kikiendelea, usilijibu mwenyewe. Kata kipande kidogo: "Baada ya 1898, Wahehe walikuwa na nguvu gani ya kupigana tena?" Kiandike kwenye andalio kabla ya kipindi, kwa sababu ukiwa mbele ya wanafunzi hamsini hakitakujia.