Je, wajua chupa iliyotupwa mferejini Moshi inaweza kumfikia kasa wa Pangani?

Huku kwetu Moshi na Arusha ukianza kuongelea kulinda bahari watu wanakwambia hayo mambo ya Tanga huko, sisi tuna mlima wetu. Sawa, ila hebu fuata maji. Mvua ikipiga Arusha uchafu wa mitaani unaingia mto Naura na Themi, Themi inashuka mpaka Kikuletwa, na Weruweru ya upande wa Moshi nayo inaingia hukohuko, alafu yote yanaenda bwawa la Nyumba ya Mungu na yakitoka hapo ndo unaitwa mto Pangani, unapita Korogwe, unapita Hale, unamwaga Bahari ya Hindi.

Bwawa linapunguza kasi ya maji kwa hiyo mzigo mwingi unabaki humo, lakini plastiki haiozi jamani. Jua linaichoma mpaka inakatikakatika vipande vidogo kabisa, na hivyo ndo vinasafiri mbali.

Sasa kwanini kasa ale plastiki? Kwanza nailoni ikielea inafanana na konyeza, wale viumbe laini wanaowasha ngozi, ambao kasa wanawala. Pili, plastiki ikikaa baharini inaota vijimwani na inaanza kunukia chakula. Na kinachoniuma zaidi ni hiki, kooni mwa kasa kuna miiba laini imeelekea ndani, kazi yake kuzuia chakula kisitoke wakati anatema maji ya chumvi, kwa hiyo akishameza plastiki kuirudisha ni kazi sana. Tumbo linajaa, anajiona ameshiba, kumbe anakonda.

Na hawa kasa tayari wana shida zao. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni hifadhi tangu 1975 na walikuwa wanataga pale kwa wingi, ila miti yote ilishaisha na maji yakijaa mchanga unafunikwa, ndo maana mayai yanahamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasioze.

Rambo zilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na kweli zimepungua sana, ila chupa za maji na vifuniko vyake bado vimejaa mferejini. Masika yakianza mwezi wa tatu ile mvua ya kwanza inabeba kila kitu kilichokaa humo kiangazi chote, kwa hiyo usafi wa mtaa ufanyike mwezi wa pili, na taka zikizolewa zipakiwe ziondoke, zisirundikwe pembeni ya mfereji uleule.