Rojo la nyanya la kulia tambi

Wanafunzi wangu wa upishi hapa Kampala wakija siku ya kwanza, huwaomba wanipikie tambi kwa nyanya kama wanavyopika nyumbani. Karibu kila mara naletewa mchuzi: umetiwa kikombe cha maji, binzari, pilipili hoho, na nyanya ya kopo ili upate rangi. Kwa wali au chapati ni mchuzi mzuri. Ukiumwagia tambi, wote unateleza na kutuama chini ya sahani. Tambi zinataka rojo, na kinachotenganisha rojo na mchuzi ni maji.

Nyanya mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kazi ya mpishi ni kuyapunguza, na kazi hiyo inaanzia sokoni. Nakasero au Kalerwe, nyanya za mviringo zilizojaa maji nawaachia wa kachumbari, natafuta zile ndefu za aina ya Roma, zenye nyama nene. Mama muuzaji akiwa na fungu lililoiva hadi kulainika, ambalo wateja wengine wanaliruka, hilo ndilo langu, mradi hazijapasuka wala kuota ukungu. Zilizo ngumu ziache mezani siku mbili tatu. Usizitie kwenye friji, baridi inaua harufu ya nyanya.

Kwa watu wanne natumia kilo moja ya nyanya, kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko vinne vya mafuta ya alizeti (ya zeituni ukiwa nayo) na kijiko kidogo cha chumvi. Nyanya zichanje msalaba kitakoni, zitumbukize kwenye maji yanayochemka nusu dakika, kisha kwenye maji baridi. Ganda litachunika kwa vidole. Ule ute wenye mbegu usiutupe, ingawa wapishi wengi huutupa. Ladha nzito inayomfanya mtu arambe kijiko imejaa humo kuliko kwenye nyama yenyewe.

Kitunguu kikatwe kidogo kidogo, kikaangwe kwa moto mdogo dakika 10, kilainike bila kugeuka rangi. Saumu ifuate kwa nusu dakika. Ikiungua inakuwa chungu na haina dawa, anza upya. Tia nyanya na chumvi, na usifunike, maana mvuke ukigonga mfuniko unarudi sufuriani. Kwenye sigiri, zikishachemka, mimi huyafunika makaa kwa jivu ili moto upoe, halafu nakoroga mara kwa mara kwa dakika 30 hadi 40. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, na mafuta yakianza kujitenga pembeni, limeiva.

Sasa ndipo uonje ukali, si mapema. Ukizidi, sukari robo kijiko kidogo inatosha. Majani ya rehani yanaingia dakika ya mwisho. Mujaaja unaoota uani ni ndugu wa rehani, lakini una harufu ya karafuu, kwa hiyo jani moja tu. Na tafadhali, rojo lisilale kwenye sufuria ya alumini. Asidi ya nyanya inaila alumini, na asubuhi utaonja chuma. Lihamishie kwenye bakuli la kioo au la udongo.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Ndiyo sababu tambi hukawia kuiva kuliko inavyoandikwa kwenye pakiti. Ikisema dakika 9, mimi naanza kuonja ya 10. Kule Kabale, juu zaidi, ngoja zaidi. Zitoe zikiwa bado na kiini kigumu kidogo, uzitie ndani ya rojo lenyewe pamoja na nusu kikombe cha maji yaliyozichemsha. Hayo ndiyo maji pekee ninayoyaruhusu, kwa sababu yana wanga, na wanga ndio unaolishikisha rojo kwenye tambi. Geuzageuza kwa moto mkali dakika moja au mbili, hadi ukipakua pasiwe na maji yanayochuruzika sahanini.