Kipanga wa Turin: ndege ya kivita iliyozaliwa ikiwa kongwe

Mtu akiona picha ya Fiat CR.42 kwa mara ya kwanza, hudhani ni ndege ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ina mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini, yameshikanishwa kwa nguzo za chuma zilizokaa mshazari. Magurudumu yake hayakunjwi. Rubani anakaa kichwa nje, upepo unampiga usoni. Ndipo sisi tunaofundisha habari za ndege hizi tunapomtajia tarehe: iliruka mara ya kwanza tarehe 23 Mei 1938. Spitfire ya Waingereza, yenye bawa la ghorofa moja, magurudumu ya kukunja na kioo cha kumfunika rubani, wakati huo ilikuwa imeshatimiza miaka miwili tangu iruke. Kwa hiyo hii inayoonekana bibi kizee ndiyo kitindamimba.

Ilikuwaje basi? Aliyeibuni ni mhandisi Celestino Rosatelli wa kampuni ya Fiat, mjini Turin. Herufi C ni ya neno la Kiitaliano lenye maana ya uwindaji, na R ni ya jina lake. Ndege yake ya awali, CR.32, ilikuwa imepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na marubani wa Kiitaliano walirudi kwao wakiamini kwamba mshindi angani ni yule anayeweza kugeuka upesi na kumfuata adui mgongoni. Kugeuka, ndege ya mabawa mawili ilikuwa haina mpinzani. Jeshi la anga likaomba nyingine ya aina hiyo, na Rosatelli akawapa iliyo bora kabisa katika ukoo wake: kiunzi cha chuma na aluminiamu, mabawa yaliyovikwa kitambaa, injini ya mviringo (silinda zake zimepangwa duara) ya Fiat A.74 yenye nguvu za farasi 840, mwendo wa takriban kilomita 440 kwa saa. Wakaiita Falco, yaani kipanga.

Kwa maoni yangu, wanaomcheka Rosatelli wanamwonea. Alijenga alichoagizwa, tena kwa ustadi. Kosa lilikuwa kwa walioagiza, ambao walisoma somo la vita vilivyopita na kudhani ndilo la vita vinavyokuja.

Vita vilipoanza, Falco ilibadilishwa mara nyingi, na karibu kila toleo lilikuwa jaribio la kuitafutia kazi mpya. Ndege za mwanzo zilikuwa na bunduki mbili za rashasha zisizolingana, moja ya milimita 7.7 na nyingine ya 12.7, zikifyatua risasi katikati ya mapanga ya propela. Baadaye zote mbili zikawa za 12.7. Kwa jangwa la Libya likatoka toleo la AS, lenye kichujio cha kuzuia mchanga usiingie kwenye injini, na uwezo wa kubeba mabomu mawili ya kilo 100 chini ya mabawa. Hapo mwindaji alishageuzwa mpagazi. Toleo la CN lilifungwa taa za kumulika kwa ajili ya ulinzi wa usiku. Lilikuwepo hata jaribio la kuivika maboya ili itue majini, lakini halikuendelea.

Jaribio linalofundisha zaidi ni la DB, la mwaka 1941. Ndege moja ilivuliwa injini yake ya mviringo, ikafungwa ile ya Kijerumani, Daimler-Benz DB 601, yenye nguvu za farasi zaidi ya 1,100. Mwendo ukapanda hadi takriban kilomita 520 kwa saa, mwendo wa ajabu kwa ndege ya mabawa mawili. Lakini injini hiyohiyo ilipofungwa kwenye Macchi C.202, ndege ya bawa moja ya mhandisi Mario Castoldi, ilitoa karibu kilomita 600. Nguvu ni ileile, tofauti inatokana na upepo: kila nguzo, kila bawa la ziada na kila gurudumu linaloning'inia huvutana na hewa. Toleo la DB likaishia kwenye mfano mmoja.

Wajerumani nao walijichukulia zao baada ya Italia kusalimu amri mwaka 1943. Toleo lao, LW, lilifichwa ndimi za moto za mabomba ya moshi zisionekane gizani, likatumika kuwasumbua wapiganaji wa msituni usiku. Kabla ya hapo, Sweden ilikuwa imenunua 72, Ubelgiji na Hungaria nazo zikanunua. Kwa jumla zilitengenezwa takriban 1,800, kuliko ndege yoyote ya kivita ya Italia ya wakati ule.

Huku kwetu Afrika Mashariki Falco ilikuwa na kisa chake. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, makoloni yake ya Eritrea, Ethiopia na Somalia yalikatiwa njia, kwa kuwa mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Vipuri na ndege mpya havikuweza kufika kwa meli. Waitaliano wakatumia ndege kubwa ya mizigo, Savoia-Marchetti SM.82, ambayo tumbo lake lilitosha kumeza Falco nzima iliyofunguliwa vipande. Ilivuka jangwa na mzigo wake, kisha mafundi wakaiunganisha upya. Kwa njia hiyo ziliingia kadhaa.

Angani hapa ndipo ilipong'ara, kwa sababu mara nyingi ilikutana na ndege za kizamani kama yenyewe. Rubani wake mashuhuri, Mario Visintini, alihesabiwa ushindi wapata 16. Alikufa tarehe 11 Februari 1941 akiwatafuta wenzake waliopotea katika hali mbaya ya hewa, akajigonga mlimani karibu na Nefasit, Eritrea. Falco nyingi hazikuwa na redio, hivyo rubani akipotea mawinguni hakuwa na wa kumwita.

Pambano la mwisho la ndege kwa ndege katika vita vya huku Afrika Mashariki lilitokea tarehe 24 Oktoba 1941, jirani na Gondar, mji wa kaskazini mwa Ethiopia. Falco moja kati ya chache zilizosalia ilikutana na Gloster Gladiator za Afrika Kusini, nazo za mabawa mawili, ikaangushwa. Mwezi mmoja na siku chache baadaye Gondar ikaanguka, na miongoni mwa waliopanda vilima vile kwa miguu walikuwemo askari wa keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza.